Waya Haukufa kwa Mvua

Fundi wa laini alikuwa akiingia nyumbani kwa watu bila salamu. Alipita mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya simu, akainua risiva, akaiweka sikioni na kufumba macho. Hapo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kukohoa. Akisharidhika ndipo aliirudisha polepole, akageuka na kutoa mkono. "Mulembe," alisalimia kwa lugha ya kwetu. "Iko hai." Wageni walidhani hana adabu. Mimi niliyemfungulia mlango miaka tisa nilijua ni woga. Alikuwa anaogopa kukuta laini imekufa, vile mtu anavyoogopa kuingia chumba cha mgonjwa asubuhi.

Na woga wake haukuwa wa laini peke yake. Aliogopa mbwa, hata aliyefungwa. Aliogopa radi, na pale Kitale radi si mgeni, inakuja kama jamaa wa familia. Aliogopa kukaa dirisha likiwa mgongoni, kwa hivyo chai aliinywa akiwa amesimama, ameegemea ukuta, sukari vijiko vinne. Aliogopa ngazi, na kazi yake yote ilikuwa juu ya nguzo. Nilimwona mara nyingi kwenye ile nguzo ya kona, magoti yanamtetemeka mpaka vyuma vyake vya kupandia vinalia, na bado anapiga nyundo. Siku moja mume wangu alimwuliza kutoka chini kama hangeweza kutafuta kazi ya ardhini kama watu wengine. Fundi akajibu bila kutazama chini.

"Asiyeogopa nguzo ndiye huanguka. Mimi naogopa, ndiyo maana niko hapa miaka ishirini."

Mume wangu alicheka kutwa. Mimi sikucheka. Kuna maneno mtu anayasema kama mzaha, nawe unayaweka mahali kama mtu anayeweka mwavuli, ukijua kuna siku utauhitaji.

Mimi nilikuwa mpishi kwa Mzee Ezekieli, upande wa juu wa Kitale. Nasema jina lake. Nimenyamaza vya kutosha, na wenye kustahili kutajwa nitawataja. Shule niliachia darasa la nne. Mume wangu, Baba Rispa, alilinda lango na kutunza ng'ombe wawili, na tulilala kwenye nyumba ndogo nyuma ya jikoni. Kwetu ni Matulo, na binti yetu Rispa alikuwa anakua huko kwa nyanya yake. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya kilimo serikalini, na mkewe Mama Dorkasi alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani. Mtoto wao wa kike alikwenda kusoma ng'ambo, na ni yeye aliyeleta internet katika nyumba ile, kwa sababu barua zake hazikuwa za karatasi tena.

Fundi mwenyewe alikuwa wa Bokoli. Zamani aliajiriwa ofisi ya simu. Walipopunguza wafanyakazi alipewa barua siku ya Ijumaa. Jumatatu akaamka, akavaa ile koti yake ya kijani, akapanda baiskeli akaenda kazini kama mtu ambaye hakusoma barua. Hakwenda ofisini, alikwenda kwa nyumba za watu. Alisema laini hazikuachishwa kazi, na yeye hajui kazi nyingine. Tangu hapo ukimtaka unamwita, na usipomwita anakuja.

Yeye ndiye alileta kile kijisanduku chenye taa nne kilichounganisha kompyuta na waya wa simu. Kikianza kazi kilikuwa kinalia vibaya sana. Mama Dorkasi alisema ni kama kuku anakabwa koo ndani ya bati. Lakini kikisha kulia, barua ya mtoto inaingia, na nyumba nzima inasimama nyuma ya Mzee kusoma. Mimi pia nilisimama, mikono na unga.

Alikuwa na daftari. Lilikuwa gumu, jeusi, na alilifunga kwa mpira wa tairi. Wateja wake walitapakaa kuanzia Kitale hadi Bungoma mjini, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Watu walidhani anaandika wanaodaiwa. La. Aliandika siku laini ilipokufa, saa, ilichukua muda gani kufufuka, na mwisho wa mstari kulikuwa na sehemu aliyoiandika kwa wino mwekundu: Sababu. Hiyo sehemu hakuiacha wazi hata siku moja. Asipojua aliandika anachoamini.

"Ugonjwa usio na sababu ni uchawi," aliniambia. "Na mimi si mganga."

Kwa daftari lile Fundi alilinganisha njia zote za internet kama mtu anayelinganisha wakwe wa kuoza binti. Alipenda kusimulia, na alisimulia akiwa amesimama, kikombe mkononi, macho dirishani. Mimi nilikuwa napika huku nasikiliza. Ndiyo maana nayajua mambo ambayo mtu wa darasa la nne hakupaswa kuyajua.

Kulikuwa na daktari wa ng'ombe kule kwa wenye mashamba makubwa. Huyo aliweka dishi kubwa kama sufuria ya harusi, linatazama juu, ati linaongea na chombo kilicho angani. Lilikuwa na kasi, watu walikwenda kulitazama siku za Jumapili. Lakini Kitale mvua ina saa yake. Kuanzia Aprili, ikifika saa tisa mchana wingu linashuka kutoka mlimani, na dishi linakuwa kipofu. Daktari alimwita Fundi mara tano mwezi mmoja. Fundi alikwenda, alitazama juu, alitazama daktari. "Daktari, hii si kuharibika," akamwambia. "Hii ni mvua tu. Wewe ulinunua kitu kinachoogopa mvua ukakileta Kitale." Daktari alimfukuza. Baadaye akamrudia akitaka kujua kama dishi linaweza kufunikwa na mwavuli.

Bungoma kulikuwa na mwalimu mkuu aliyestaafu. Yeye aliweka mlingoti nyuma ya nyumba, na juu yake kitu kama sahani kinachotazama mnara ulio ng'ambo ya bonde. Hiyo, mvua haikuisumbua sana. Ilikwenda mwaka mzima vizuri, kisha ikaanza kuchoka pole pole, wiki hadi wiki, na hakuna aliyejua kwa nini. Fundi alikwenda mara tatu. Mara ya nne alipanda mlingoti mwenyewe, akitetemeka, akatazama pale sahani inapotazama, akaona majani. Mikaratusi ya jirani ilikuwa imekua. Mwalimu akamwomba jirani apunguze miti miwili. Jirani akasema miti ni ya kusomesha watoto, na hewa ni ya Mungu, si ya mwalimu. Kesi ilifika kwa chifu. Chifu aliuliza internet inapita wapi, akaonyeshwa hewani, akasema basi ingoje miti ikomae iuzwe. Fundi aliandika kwenye ile sehemu nyekundu: Mikaratusi, na jirani.

Hiyo alitusimulia mpaka Baba Rispa akakaa chini kwa kucheka.

Njia ya nne, ukihesabu na waya wetu, ilikuwa ya vijana, na ndiyo ilikuwa inakuja kwa nguvu: simu ya mkononi kuifunga kwenye kompyuta kwa waya mfupi. Haikutaka nguzo wala dishi. Mzee Ezekieli aliitaka. Nakumbuka alimwuliza Fundi mezani, mbele yetu, ni ipi ya kuaminiwa. Fundi alitazama lango, akatazama mlima, kama mtu ambaye kuna kitu amesikia.

"Mzee, kila njia ina adui wake. Dishi adui wake ni mvua. Mlingoti adui wake ni mti, na stima ikipotea. Hii ya mkononi adui wake ni watu wakiogopa wote pamoja. Kila mtu atataka kupiga saa moja, na hapo haitabeba mtu. Laini ya waya adui wake ni mwizi peke yake. Stima ikipotea, internet italala, lakini simu yenyewe itaongea. Inakula betri ya kule ofisini. Ukitaka haraka chukua ya mkononi. Ukitaka ile itakuwa hai siku ya hofu, baki na waya."

Mzee akauliza siku ya hofu ni gani. Fundi aliosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaondoka kabla ya mvua.

Mimi usiku huo sikupata usingizi. Nilianza kufanya kama yeye. Kila asubuhi nikipanguza meza ya simu nilikuwa nainua risiva, nasikiliza ile sauti ndefu isiyo na mwisho, narudisha. Iko hai. Halafu naweza kuwasha jiko.

Sasa niseme mabaya yake, kwa maana mtu hasimuliwi upande mmoja. Aliwachukia wezi wa waya kuliko shetani. Alisema aibaye waya amekata ulimi wa watu ambao hawajui. Lakini mkononi alivaa bangili ya shaba ya kuzuia baridi ya mifupa, na shaba ile, si ya waya? Nilimwuliza. Alisema ni kipande kilichobaki kazini. Kilichobaki, haya. Tena alihubiri kwamba simu ni ya kila mtu aliye nyumbani. Alikasirika akikuta mpishi amekatazwa kuigusa. Na ni huyo huyo aliyetengeneza masanduku.

Masanduku yalianza hivi. Kitinda mimba wa Mzee alikuja likizo akaacha ile internet inalia wiki nzima, usiku na mchana, na bili ikaja nene. Mzee alifura. Watu wengine mjini walikuwa wanafunga simu kwa kufuli ndogo kwenye namba, lakini watoto walikuwa wamejifunza kupita hapo. Mzee alitaka kitu kamili. Fundi akapima meza, akaenda, akarudi baada ya siku tatu na sanduku la mvule, limepigwa mikanda ya chuma, skrubu zote kwa ndani. Simu na kile kijisanduku cha taa vyote vikaingia humo. Waya uliingia kwa tundu nyuma, ukutani. Mbele alitoboa vitundu vidogo kumi na viwili, kwa mpangilio mzuri kama ua, ili simu ikilia isikike. Kusikika tu. Kujibu hapana, mpaka ufungue.

Lilikuwa zuri, siwezi kukataa. Alilipaka vanishi mara nne. Wake za wakubwa walikuja kuliona na kila mmoja akataka lake. Mwaka haukuisha, watu wa Kitale walimjua zaidi kwa masanduku kuliko kwa laini. Kiunoni alikuwa na pete ya chuma yenye funguo, na kila akitembea zililia. Sikufikiri kujiuliza ni za nini.

Ufunguo wetu ulikwenda shingoni mwa Mama Dorkasi, kwenye kamba moja na msalaba wake. Asubuhi ile ya kwanza nilisimama mbele ya sanduku na kitambaa changu, nisijue nifanye nini na mkono. Fundi alikuwa bado anakusanya vyombo. Nikamwambia pole pole, Mzee asisikie.

"Fundi, na siku ya hofu je?"

Aliguna, akafunga mkoba. "Siku ya hofu mwenye ufunguo si atakuwa nyumbani, mama Rispa? Ataenda wapi?"

Mtu aliyeogopa kila kitu chini ya jua, hilo moja hakuliogopa.

Siku yenyewe mwenye ufunguo alikuwa Bungoma. Yeye na mumewe waliondoka jana yake, na gari lilikuwa limejaa mpaka televisheni. Watu wa ofisi husikia mapema. Sisi tuliambiwa tukae na nyumba. Tangu kura zihesabiwe kulikuwa na moshi kila ukitazama, na maduka yalikuwa yamefungwa, kadi za simu hazipatikani. Baba Rispa alikuwa na simu ya mkononi yenye pesa kidogo ndani. Alijaribu tangu asubuhi. Kila mara yule mwanamke wa kwenye simu alimjibu kwa upole kwamba njia zote zina watu. Nikakumbuka maneno ya Fundi.

Saa sita walikuja. Mbele alikuwa Sospeter, aliyetuuzia maziwa ng'ombe wetu walipokuwa na mimba. Nyuma yake Zablon wa kinu cha posho, na wengine ambao sura zao nazijua sokoni na majina sina. Sospeter hakupiga kelele. Alisimama langoni akaita kama mtu aliyekuja kuazima jembe.

"Baba Rispa. Toka kidogo tuongee."

Alimwita kwa jina la mtoto wetu. Ndiyo maana alitoka.

Zablon ndiye alimkata, panga la paja, mara mbili. Walichukua ng'ombe, wakatia moto stoo ya mahindi, wakaambiana twende, wakaenda. Muda wote huo haukuzidi wa kuchemsha chai. Nilimvuta Baba Rispa kwa kwapa mpaka sebuleni, kwenye kapeti la Mama Dorkasi, nikafunga paja kwa leso, nikafunga mlango. Leso ikalowa. Nikafunga nyingine.

Namba ya pasta niliijua kwa kichwa, nilikuwa naambiwa nimpigie kabla simu haijafungiwa sandukuni, habari za kwaya. Pasta alikuwa na pikapu. Hakukaa mbali, na nyumba yake ilikuwa na simu ya waya kama yetu. Ilikuwa ni kuinua tu na kubonyeza.

Hapo ndipo ilianza kulia.

Ndani ya sanduku. Ilikuwa imepita saa saba. Ililia, ikalia, ikanyamaza. Ikalia tena. Nilipiga magoti nikaweka mdomo kwenye vile vitundu, nikaita, tuko hapa, tuko hapa, tumekatwa, leteni gari. Nilijua kabisa sauti haiingii risiva ikiwa imekaa mahali pake. Fundi alikuwa amenieleza. Niliita hivyo hivyo.

Shoka lilikuwa jikoni, hatua kumi na mbili. Hili ndilo nataka lisomwe vizuri. Sikulichukua. Nilimwuliza Baba Rispa, nivunje? Alikuwa mweupe midomo. Akasema, "Watatufukuza." Mtu anatokwa na damu kwenye kapeti la watu na anaogopa kufukuzwa kazi. Na mimi nilimsikiliza, kwa sababu hata mimi niliogopa hivyo. Nilimwogopa Ezekieli aliye Bungoma kuliko Zablon aliye barabarani. Tukangoja, huenda mtu atapita. Simu ikalia mara nyingine, nyingi, siwezi kuzihesabu. Kila ikilia Baba Rispa alifungua macho.

Aliposema anasikia baridi, na jua liko kali, ndipo nilikimbia jikoni.

Mvule ni mvule. Pigo la kwanza lilirudi. La pili likagonga chuma cheche zikaruka. La tatu likapasua kidogo, na wakati huo huo simu ikaanza kulia tena, karibu kabisa, na mimi nikapiga la nne kwa nguvu zangu zote, kutoka upande, pale nyuma ambapo mbao ilikuwa nyembamba kwa sababu ya tundu.

Mlio ukakatika katikati.

Sanduku lilifunguka kama ganda la karanga. Simu ilikuwa humo, nyeupe, safi, haina hata mkwaruzo. Niliinua risiva. Hakukuwa na kitu. Waya ulikuwa umekatika pale ulipotokea, sambamba na ukuta, hata kucha haikupata pa kushika. Laini ambayo Fundi aliandika kwamba haikufa kwa mvua, haikufa kwa radi, haikufa kwa stima, mwizi hakuikuta, niliiua mimi.

Baba Rispa hakuuliza kama imeshika. Alikuwa ananitazama tu. Kabla ya saa kumi alikuwa ameacha kunitazama.

Tulimzika Matulo. Pasta alikuja, na baada ya maombi alinivuta kando. Alisema siku ile alikaa na simu mapajani tangu asubuhi, pikapu imegeuzwa inatazama lango, na barabara ya upande wetu ilikuwa wazi mpaka saa tisa. "Nilingoja mtu anipigie, mama," alisema. "Sikujua nianzie kwa nani." Alilia, na mimi ndiye nilimpa kitambaa. Ezekieli naye alikuja na shada la maua. Aliniuliza, kwa sauti ya chini ya msibani, ni wale vijana waliovunja sanduku? Sospeter bado anauza maziwa, sasa kwa pikipiki. Zablon bado anasaga. Mama Dorkasi nilimwona mwaka uliofuata sokoni Bungoma, ile kamba iko shingoni, msalaba na ufunguo. Ufunguo wa nini sasa?

Fundi nilikuwa nimeambiwa alikimbia, wengine wakasema amekufa. Hata sikuuliza sana. Niliogopa kumwona kama vile nilivyoogopa kulala.

Nilimkuta bila kutafuta. Nilikuwa nimetoka Lugulu kwa daktari, habari ya presha, nikashuka Bokoli kununua dengu. Kwenye baraza ya duka la fotokopi alikaa mzee mwembamba, na vijana watatu wamemzunguka, kila mmoja na kile kijiti cha internet cha kuchomeka kwenye kompyuta, siku hizo ndicho kila mtu alikuwa nacho. Wanamwuliza ni cha kampuni gani kinashika vizuri. Alikishika kimoja, akakiweka sikioni, vijana wakacheka. Mmoja akamwambia, guka, babu yangu, hiyo haina sauti bana. Akakirudisha.

"Ndiyo maana sikiamini," alisema. "Utajuaje kimekufa?"

Kisha akaniona. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisalimia kabla ya kitu kingine. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza habari za Rispa, habari za Matulo. Baba Rispa hakumwuliza. Alijua. Funguo zililia kiunoni mwake alipokaa, na mimi nikazitazama, na yeye akaona nimezitazama.

Vijana waliondoka. Tulikaa. Aliniambia siku ile alijificha ndani ya jengo la mitambo ya simu, kwa sababu kuta ni za mawe na mwenzake wa zamani alimfungulia. Alichukua daftari akaanza kupigia kila nyumba, moja baada ya nyingine, ajue nani yuko. Wengine walijibu, akawaambia barabara ipi iko wazi. Simu yetu ililia tu.

"Nilipiga mara kumi na saba," alisema.

Nilimwambia anionyeshe.

Alifungua mpira wa tairi, akatafuta ukurasa wetu. Alinionyesha kwa kidole. Nilisoma pole pole, vile ninavyosoma. Iliita. Haikujibiwa. Pengine wamekimbia. Kisha saa, kisha: Imekatika ikiwa inalia. Na kwenye wino mwekundu: Wezi wa waya.

Nilimwambia hakukuwa na mwizi. Nilimwambia yote, shoka, tundu la nyuma, zile hatua kumi na mbili, "watatufukuza." Alisikiliza amefumba macho, kama zamani, na mimi ndiye nilikuwa risiva. Nilipomaliza hakufungua macho. Mkono wake ulishuka kiunoni ukashika ile pete ya funguo, ukashika moja, bila kutafuta.

"Kila sanduku nilibaki na moja," alisema. "Watu hupoteza. Wa kwenu ni huu. Ulikuwa hapa, mama Rispa. Nikipiga simu ulikuwa hapa hapa."

"Ungekuja?"

Mwanamke mmoja alipita na kuku wawili, akatusalimia, tukamjibu sote wawili kama watu wazima.

"Hapana," alisema. "Niliogopa."

Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutonidanganya. Kisha nikamwomba kalamu. Alisita, akasema daftari halifutwi, hajawahi kufuta. Nikamwambia sifuti, naongeza. Akanipa ile nyekundu. Chini ya wezi wa waya niliandika kwa herufi zangu za darasa la nne: Kufuli. Nikaandika, Aliyefunga, Ezekieli na Dorkasi. Nikaandika, Aliyekata, mama Rispa. Nilitaka kuendelea, mkono ukakwama. Kulikuwa na mmoja amebaki, na miaka yote tisa nilimwita Fundi, sikuwahi kujua anaitwa nani.

Nilimrudishia kalamu, nikamwonyesha mahali.

Aliutazama mstari ule. Kisha akainama, mkono unatetemeka vile magoti yake yalivyokuwa yanatetemeka juu ya nguzo, akaandika: Aliyetengeneza. Na mbele yake akaandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko mzuri, bila kuharakisha. Akafunga daftari na mpira wake.

Hapa nimetaja kila mtu. Jina lake naliacha pale alipoliweka. Katika wote hao, ukiniondoa mimi, ni yeye peke yake aliyejiandika mwenyewe.